Ukumbi Uliokataza Kopi

Mwaka 2019 nilikwenda Soko la Karume, Ilala, kutafuta suruali za kazi, nikaona fulana nyeusi imetundikwa juu kabisa ya banda, pale wauza mitumba wanapoweka zile za daraja la kwanza. Kifuani ilikuwa na herufi nne, CBGB, na chini yake nyingine tano, OMFUG. Nikamuuliza kijana ni fulana ya nini.

"Hiyo timu ya basketi, mzee. Ya Marekani. Elfu kumi, lakini wewe lete nane."

Nikatoa elfu nane bila kubishana, jambo ambalo mke wangu hajalisahau mpaka leo, maana fulana yenyewe ilikuwa ya kumtosha mtoto wa kidato cha pili.

Si timu. Ni ukumbi wa muziki uliosifika kwa panki, uliokuwa Manhattan, New York, namba 315 mtaa wa Bowery, na mimi nilibeba majiko na mafriji katika mtaa huohuo kwa miaka kumi na miwili. Usiku ukumbi huo ulipofungwa, Jumapili tarehe 15 Oktoba 2006, nilikuwa nje, barabarani, nimeshika kikombe cha kahawa kilichokwisha kupoa. Nasema nilikuwa nje kwa sababu nimekutana na watu wengi mno wanaosema walikuwa ndani. Ukiwakusanya wote utaujaza Uwanja wa Mkapa, na ukumbi ule ulikuwa wa watu mia tatu na kitu.

Kwetu neno panki lilikuja na nywele kabla ya muziki: kichwa kimenyolewa pembeni, katikati pamesimama kama kilemba cha jogoo. Ukilisema Mwanza watakuletea mifupa ya sangara. Muziki wenyewe ni gitaa zilizokazwa sauti mpaka zinakwaruza, nyimbo za dakika mbili, na mwimbaji anayepiga kelele kama aliyeibiwa. Mtu aliyekulia kwenye dansi, anayengoja gitaa la solo litembee taratibu mpaka wimbo ufike kwenye chemko, atadhani watu wanagombana jukwaani. Na si kwamba atakuwa amekosea sana. Wanaosimulia maonyesho ya mwanzo ya bendi ya Ramones pale, Agosti 1974, wanasema waligombana kweli, mbele ya watu, kila mmoja ameanza wimbo wake.

Nilifika New York mwaka 1998. Kazi niliyoipata ilikuwa katika duka la vifaa vya hoteli vilivyokwisha kutumika. Bowery sehemu ile ilikuwa imejaa maduka ya namna hiyo: majiko ya gesi ya macho sita, mashine za kukata nyama, viti vya baa, masufuria ambayo mtoto angeweza kuoga ndani. Mgahawa ukifa, tunakwenda kuubomoa na kuvileta vitu vyake dukani. Mgahawa ukizaliwa, mwenyewe anakuja kununua vitu vya marehemu. Kwa hiyo kabla sijajua lolote kuhusu muziki wa mtaa ule nilikwisha jifunza kitu kimoja kuhusu biashara za New York: nilimfahamu mtu siku anayofungua, nikamfahamu tena siku anayofunga, na mara nyingi jiko lilikuwa lilelile.

Mtaa ule zamani ulikuwa mahali pa watu walioshindwa na maisha. Juu ya maduka palikuwa na gesti za bei ya chini kabisa, vyumba kama vibanda vya kuku, ambako walevi na wazee wasio na ndugu walilala kwa malipo ya usiku mmoja mmoja. Juu ya CBGB penyewe palikuwa na gesti ya namna hiyo, ikiitwa Palace Hotel, kasri kwa jina tu. Nilipofika mimi mambo yalikuwa yamebadilika kiasi, lakini bado asubuhi tukifungua geti la duka tulimkuta mtu amelala pale, na sheria ya bosi ilikuwa kumwamsha kwa adabu na kumpa kahawa kwanza.

Mwenye ukumbi aliitwa Hilly Kristal. Alikuwa mtu wa ndevu na mwili mkubwa, mtoto wa mkulima wa New Jersey, aliyewahi kuimba katika kwaya ya Radio City Music Hall. Alipofungua Desemba 1973 alitaka kupiga muziki wa kantri, bluugrasi na bluzi, kwa Kiingereza Country, BlueGrass, Blues, na ndizo herufi zile nne za kwanza. Tano za chini ni mzaha wake kuhusu muziki mwingine wa kuwainua walafi. Wapigaji wa kantri hawakuja. Waliokuja ni vijana waliokosa pa kupigia, wakiongozwa na bendi iliyojiita Television, na Machi 1974 wakaanza kupanda jukwaani. Makubaliano yalikuwa haya: bendi inachukua mapato ya mlangoni, dola moja kwa kichwa, mwenye ukumbi anachukua baa.

Niliposikia hilo kwa mara ya kwanza niliweka chini kitu nilichokuwa nimebeba. Mjomba wangu alikata tiketi kwa miaka mingi katika ukumbi mmoja wa Ngamiani, Tanga, na makubaliano yalikuwa hayohayo: bendi mlango, mwenye nyumba baa. Mjomba alikuwa akieleza kwamba neno hilo dogo ndilo linaloamua kila kitu. Mwenye ukumbi anayekula mlangoni anataka bendi kubwa tu, yenye jina, iliyokwisha kupigwa redioni. Anayekula baa anataka watu wenye kiu, na kijana asiyejulikana ana marafiki ishirini, na marafiki ishirini wana kiu. Ndivyo alivyoeleza jinsi bendi changa zilivyopata nafasi katika mji ambao tayari ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Ukumbi ule wa mjomba nimeukuta ni ghala la nondo na saruji.

Sharti lingine la Hilly Kristal lilikuwa kopi hapana. Bendi ipige nyimbo zake yenyewe. Wengine husema alikuwa na jicho la kuona vipaji, lakini mwenyewe alikiri kwamba Television alipowasikia mara ya kwanza hakuwapenda, na Ramones aliwaona wabaya zaidi. Akawaacha warudi. Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu nikifikiri. Kumpa nafasi mtu unayemwona ana kipaji si kazi kubwa. Kumpa nafasi ya pili mtu aliyekuudhi masikio, na ya tatu, na ya kumi, hiyo inahitaji ama moyo wa ajabu au kodi ndogo. Nadhani Hilly alikuwa na vyote viwili, na kimoja ndicho kilichokuja kuondoka.

Kati ya 1974 na 1975 walipita pale mwimbaji Patti Smith na bendi za Blondie na Talking Heads. Patti Smith na Television walipiga wiki kadhaa mfululizo mwanzoni mwa 1975. Talking Heads walianza pale Juni mwaka huo wakiwafungulia Ramones. Majina haya leo yamo katika vitabu, lakini wakati ule yalikuwa majina ya watu waliokuwa wakichelewesha kodi za vyumba vyao mitaa ya jirani.

Mara yangu ya kwanza kuingia ilikuwa Jumapili mchana. Dukani tulikuwa na kijana wa Kipuertoriko aliyepiga ngoma katika bendi ya hakoo, ile panki ya kasi zaidi, na akaniomba nimsaidie kubeba vyombo kwa gari la duka. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu na viatu vya ngozi, kama mtu anayekwenda kusikiliza muziki. Ndani palikuwa kirefu na chembamba kama kichochoro, kaunta ya baa upande mmoja, taa za matangazo ya bia, na jukwaa mwisho kabisa. Kuta zote, dari, mpaka mabomba, zilikuwa zimefunikwa stika na mabango juu ya mabango, tabaka juu ya tabaka, kama kuta za Kariakoo wakati wa uchaguzi ambazo hakuna aliyewahi kuzisafisha. Choo kilikuwa chini, nyuma ya jukwaa. Nitasema hivi tu: nimekulia nyumba ya choo cha shimo yenye wapangaji kumi na saba, na nilipanda ngazi zile bila kufanya nilichoteremkia.

Kisha bendi ikaanza. Vijana wakaanza kurukiana na kugongana mabega, nikadhani ni ugomvi, nikajibanza ukutani na mabegi ya ngoma. Mmoja akaanguka. Mara moja mikono minne ikamwinua, akapewa miwani yake, akaendelea kugongwa. Nikalitazama lile la kumwinua kwa makini kuliko nilivyoutazama muziki.

Wimbo wa pili ulivunjika katikati. Rafiki yangu alikosea hesabu, besi ikabaki peke yake, mwimbaji akageuka kumtazama. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nilikotoka mimi, mpiga ngoma akiangusha wimbo atazomewa mpaka shule ya watoto wake. Hapa watu wakapiga makofi, mtu akapaza sauti kuwaambia waanze upya, wakaanza upya, na mara hii ukaenda mpaka mwisho. Dakika mbili. Alipotoka jukwaani amelowa jasho alikuwa anacheka.

Nilimwambia baadaye kwamba huu ni muziki wa Wazungu. Hakubishana. Kesho yake aliniletea kanda ya Bad Brains, vijana weusi wa Washington waliokuwa wakipiga panki kwa kasi ambayo bendi nyingi hazikuifikia, na katikati ya albamu wanasimama na kupiga rege ya kirasta, taratibu, kama watu wawili tofauti. Walikuwa wamepiga pale Bowery mara nyingi miaka ya themanini. Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu na sentensi zinazoanza na "muziki wa".

Lakini nisiupambe ukumbi ule. Nilipoujua mimi ulikuwa umezeeka. Bendi kubwa hazikuja tena ila kwa kumbukumbu. Mchana niliwaona watalii wanaingia, wananunua fulana, wanapiga picha mbele ya lile turubai jeupe la mlangoni, wanaondoka bila kujua nani anapiga jioni. Usiku wa Jumanne ungeweza kukuta bendi nne na watazamaji kumi na moja, wanane kati yao wakiwa wanabendi wanaongoja zamu. Waliosema mwaka 2006 kwamba ukumbi ulikuwa umekufa siku nyingi hawakusema uongo. Ila mimi nilikuwa nafikiria wale watatu waliobaki.

Sasa mgogoro wenyewe uliofanya ukumbi ufungwe. Nauelezea kwa urefu kwa sababu ndiyo sehemu iliyonifundisha kitu kilichokuja kunigharimu, au tuseme kilichonigharimu kwanza kisha ndiyo nikakielewa.

Aliyempangisha Hilly Kristal hakuwa tajiri mwenye sigara nene. Lilikuwa ni shirika la kuwasaidia watu wasio na makao, Bowery Residents' Committee, lililokuwa likiwahifadhi watu hao ghorofani, juu ya ukumbi. Kodi ilikuwa dola 19,000 kwa mwezi. Mwaka 2005 shirika likadai kwamba kuna nyongeza za kodi za miaka kadhaa ambazo hazikulipwa, jumla kama dola 90,000. Hilly akasema nyongeza hizo hakuwahi kuarifiwa. Wakaenda mahakamani.

Mtaa mzima ulikuwa upande wa ukumbi. Wanamuziki walichangisha, magazeti yaliandika, na tarehe 31 Agosti 2005 palifanyika mkutano wa muziki Washington Square Park kuutetea. Dukani kwetu hali ilikuwa tofauti kidogo. Tulikuwa na mzee mmoja aliyesukuma toroli, mtu mpole, mlevi aliyeacha pombe, na mwaka mmoja kabla alikuwa amepata kitanda kupitia wasaidizi wa namna hiyohiyo. Kila tulipolaani mwenye nyumba yeye alinyamaza. Siku moja akasema: hawa wanamuziki wametia saini karatasi ndefu kwa ajili ya chumba cha kupigia gitaa, ni sawa, mimi pia nakipenda, lakini kuna aliyewahi kuleta karatasi ya kutia saini kwa ajili ya kitanda changu?

Hakuna aliyemjibu. Nimejaribu kumjibu kwa miaka ishirini na bado sijapata. Nilichokipata ni kwamba mtaa unapopanda bei, watu wanaowekwa kwenye ulingo kupigana ni wale wawili wa mwisho wasio na pa kwenda, na waliopandisha bei hawaonekani ulingoni. Wakati ule ule, mita chache kutoka pale, majengo mapya ya vioo yalikuwa yanapanda. Mwaka 2007 kona ya Houston na Bowery ilipata duka kubwa la vyakula la Whole Foods, na kufikia Desemba mwaka huo jumba la makumbusho la New Museum lilikuwa limefunguliwa mtaani. Kwetu dukani wateja walianza kuuliza majiko ya kupambia sebule.

Agosti 2005 jaji aliamua kwamba lile deni halikusimama. Watu wakashangilia, nami nikashangilia nao. Mzee wa toroli ndiye aliyeuliza mkataba unaisha lini.

Ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Tarehe 31 Agosti, siku ileile ya mkutano bustanini. Na hakuna sheria iliyomlazimisha mwenye nyumba kuandika mkataba mpya. Hilly alishinda kesi ya deni, lakini kesi ya deni haikuwa kesi ya nyumba. Baada ya mazungumzo marefu wakakubaliana abaki mwaka mmoja na kitu, kisha aondoke mwenyewe mwishoni mwa Oktoba 2006.

Usiku wa mwisho alipiga Patti Smith. Tiketi zilikwisha zamani. Mimi nilifunga duka, nikanunua kahawa, nikavuka barabara. Polisi walikuwa wameweka vizuizi, watu walikuwa wengi, wengine na nywele za panki zilizokwisha kuwa na mvi, wengine vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1974. Palikuwa na baba amembeba binti mdogo mabegani. Palikuwa na mtu anauza fulana bandia za ukumbi mbele ya ukumbi wenyewe, na hakuna aliyemfukuza.

Redio ya setilaiti ya Sirius ilikuwa inarusha onyesho moja kwa moja. Mtu mmoja aliegesha gari lake, akafungua milango yote minne, akaweka redio sauti ya juu, na sisi tulio nje tukalizunguka gari lile kama watu wa zamani wanaosikiliza taarifa ya habari. Ikatokea jambo ambalo silisahau. Ngoma ilikuwa inapita ukutani, tunaisikia kwa miguu zaidi kuliko kwa masikio. Kisha baada ya sekunde kadhaa pigo lilelile linatoka redioni, safi, lina maneno. Kila wimbo tuliupata mara mbili. Kwanza kama mtikisiko usioeleweka, halafu kama wimbo.

Flea, mpiga besi wa bendi ya Red Hot Chili Peppers, alipanda kusaidia, na Richard Lloyd, mpiga gitaa wa Television, pia, kwa hiyo waliofungua mlango mwaka 1974 walikuwa na mjumbe wao wakati wa kuufunga. Zilipigwa nyimbo za Ramones. Naam, kopi, katika ukumbi uliokataza kopi, na nadhani hilo lilikuwa halali: kati ya wanne walioanzisha Ramones, Joey alifariki 2001, Dee Dee 2002, Johnny 2004. Alibaki Tommy peke yake, kwa hiyo wa kuzipiga walikuwa majirani.

Mwisho kabisa Patti Smith aliimba wimbo wa Elegie, akayasoma majina ya wanamuziki waliokwisha kufa. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekaa katika hitima nyingi, nimesikia majina ya marehemu yakisomwa mmoja mmoja na watu wakiinamisha vichwa, na nilijua nifanye nini. Nikaweka kikombe chini. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu, mwenye pete puani, akanitazama, naye akainamisha kichwa. Majina mengi sikuyajua. Ukutani hapakuwa na mtikisiko wowote, ilikuwa redio tu.

Tulisubiri baada ya hapo, sijui tulikuwa tunasubiri nini. Watu walisimama. Taa zilikuwa zinawaka. Nilikwenda nyumbani kwa treni na kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa nabeba friji.

Hilly Kristal alikuwa na mpango wa kuvibeba vitu vyote, baa, kuta, mpaka vyoo, akafungue tena Las Vegas. Kitaalamu, kama mtu wa vifaa vilivyotumika, nilidhani inawezekana. Tumewahi kuhamisha makubwa kuliko hayo. Hakufika. Alifariki tarehe 28 Agosti 2007 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 75. Mwaka 2008 mahali pale palifunguliwa duka la nguo la John Varvatos. Walikuwa waungwana kwa namna yao, walibakiza sehemu ya kuta na mabango yake, nyuma ya kioo. Niliingia mara moja. Koti la ngozi lililokuwa linaning'inia pale lilipokuwa jukwaa lingenilipia kodi ya mwezi mzima. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Metropolitan lilitengeneza mfano wa kile choo kwa ajili ya maonyesho ya mitindo ya panki, na mwishoni mwa 2015 mgahawa wenye jina la CBGB ukafunguliwa uwanja wa ndege wa Newark. Choo kile, makumbusho. Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu barazani mpaka jirani akauliza kulikoni.

Nilikuwa nimesharudi Tanga wakati huo. Nilirudi 2011 na akiba kidogo na spika mbili, na mwaka uliofuata nikapanga chumba Ngamiani, nikanunua ngoma, ampu ya gitaa na kipaza sauti, nikawaambia vijana waje wafanye mazoezi kwa elfu mbili kwa saa. Mlangoni nikaandika KOPI HAPANA. Wiki mbili za kwanza hakuja mtu. Wote walitaka kupiga nyimbo za watu wanaowasikia redioni, na kwa nini wasitake. Kisha wakaja watatu ambao hawakuwa na uwezo wa kukopi chochote, na hao ndio niliokuwa nawangoja.

Mwaka 2014 nikafukuzwa. Mwenye nyumba yule sina haja ya kumtaja. Tulikubaliana kwa mdomo, tukapeana mikono, tukanywa chai. Alipopata mtu wa kuweka ghala alikuja akaniambia kodi imepanda tangu Januari na ninadaiwa ya miezi saba, nami sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha. Nilikuwa nimesimama New York mwaka mzima nikitazama kesi ya nyongeza ambazo mtu hakuarifiwa, nikaijua mpaka tarehe zake, nikarudi kwetu nikaona haya kumwomba mtu mzima risiti. Malezi yetu ndivyo yalivyo: kuomba maandishi ni kumwambia mwenzako humwamini. Nililipa nusu, nikatoa vyombo kwa mkokoteni mchana wa Ijumaa, watu wakitoka msikitini wakinipa pole.

Chumba cha pili nilikipata 2016. Mkataba upo, umeshuhudiwa na mjumbe wa mtaa na mwanasheria, na kila mwezi natoa kitabu cha risiti kabla ya kutoa pesa. Mwenye nyumba mwanzoni alinuna. Sasa ananiita "mzee wa saini". Nyongeza imeandikwa, asilimia imeandikwa, na tarehe ya mwisho nimeiandika kwa wino mwekundu ukutani juu ya ngoma, kila mtu aione. Mke wangu anasema ni kama tangazo la msiba.

Kuna bendi ya vijana wanne inayokuja Jumatano. Mpiga besi ni fundi pikipiki, anapiga kwa mkono wenye grisi, na mwimbaji ni binti anayeuza mihogo Raskazone. Wana wimbo mmoja wao wenyewe, unahusu askari wa barabarani, na kwa miezi mitano haujafika mwisho bila kuvunjika. Sijui kama ni wazuri. Mimi siyo mtu wa kuulizwa. Kama ningekuwa mlangoni mwaka 1974 ningewafukuza Ramones kwa mikono yangu miwili. Wiki iliyopita binti yule aliiona ile fulana ya Karume imetundikwa msumarini, akauliza ni ya timu gani. Nikampa. Inamtosha.

Wakianza mazoezi mimi hutoka, nakaa barazani kwa jirani muuza mkaa. Ukuta ni wa matofali membamba, mtikisiko unafika mpaka kwenye benchi. Jumatano hii walivunja wimbo mara sita, na mara ya saba jirani akaacha kupima mkaa, akaniuliza, "Mzee, hawa mbona wamenyamaza?" Hawakuwa wamenyamaza. Walikuwa wanahesabu. Mkataba unaisha Juni.